Mti Nambari Kumi na Nne

Mwezi uliopita, nilipokuwa nakusanya vitu vyangu ofisini, kijana mmoja wa maabara aliniuliza tulikuwa tunapimaje unyevu wa udongo kabla ya hizi mashine zenu. Nikamwambia, kwa makopo ya sigara. Akacheka, akadhani ni mzaha wa mzee anayeondoka. Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, mke wangu amechoka kuniona nikipima mvua kwenye sufuria yake, kwa hiyo nimeona niwaandikieni. Habari za vyeo sitazigusa, maana vilikuwa vichache na vilikuja vimechelewa. Nitawaeleza kazi yenyewe, na hasa habari ya mti mmoja uliokaribia kunifukuzisha.

Nilifika Ruiru mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na barua ya mwalimu wangu wa misheni na viatu vya kaka yangu. Kituo chetu cha utafiti kilikuwa nyumba mbili za mabati na mashamba ya kahawa yaliyoteremka hadi mtoni. Nilidhani nitapewa kalamu. Nilipewa karai la maji, matambara na makopo ya bati, yale yaliyouzwa na sigara hamsini ndani, nikaambiwa niyaoshe mpaka yasinuke tumbaku. Nilifanya hivyo wiki nzima. Jioni nilikuwa nikipita sokoni watu wakiniuliza, "Mwanafunzi, umekuwa mvutaji?" Niliona aibu sana.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye mikono mipana, ambaye hakuwa amekaa darasani hata siku moja. Kazi ilikuwa hivi. Unachukua keekee, chuma kirefu chenye meno ya kuzunguka, unaizungusha ardhini na kutoa udongo wa futi ya kwanza, kisha ya pili, mpaka ya kumi, na kila futi unaitia kwenye kopo lake. Unapima kopo kwenye mizani. Unalitia tanurini usiku kucha. Asubuhi unapima tena, na kile kilichopungua ni maji. Ni kazi rahisi, na bado niliiharibu siku ya kwanza kwa kuchanganya vifuniko. Kifuniko cha saba nilikiweka kwenye kopo la tisa, na hesabu ikaonyesha kwamba udongo umeongezeka maji ndani ya tanuri.

"Haiya," alisema Wafula, akiinama kuangalia daftari langu. "Umegundua chemchemi, bwana mdogo." Halafu akanikalisha chini na msumari nichore nambari kwenye kila kopo na kila kifuniko, juu na chini. Mikono ilinitoka malengelenge. Makopo yale bado yako stoo, na yeyote atakayeyatupa tutaonana.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu mrefu, mkimya, tuliyemwita Bwana Udongo kwa sababu alikuwa na tabia ya kuuonja. Angechukua punje kidogo, akaiweka ulimini, akatema, akasema hapa pana chokaa, au hapa hapana kitu. Hakuwa mtu mbaya na hakuwa rafiki. Alikuwa na hasira ya wale watu ambao hawapigi kelele, wanaacha tu kukusemesha, na unaweza kukaa siku nne hujui kosa lako ni nini.

Ruiru mvua inajitahidi. Ukienda upande wa Thika, ukapita Kalimoni na kushuka kule kwenye tambarare, mambo yanabadilika, kiangazi kinakaa na udongo unapasuka. Ndiyo sababu Bwana Udongo alichagua huko shamba la majaribio. Tulipanda mibuni ya aina mbalimbali katika mistari mirefu. Mistari mingine tuliitandikia nyasi kavu, mingine tuliinywesha, na minne tuliiacha bila chochote, haina matandazo wala tone la maji ila la mvua. Shabaha ilikuwa kujua ni mti upi utakaovumilia kiu, ili tuchukue mbegu zake. Wakati huo ndipo Waafrika walikuwa wameanza kuruhusiwa kupanda kahawa yao wenyewe, na wengi walipewa vipande vya ardhi pembeni, kule mvua inakosekana. Mtu wa aina hiyo akipanda mche wa uongo, anapoteza miaka mitatu kabla ya kujua.

Kila siku lori lilitupeleka Thika kutoka Ruiru, mimi na Wafula mbele ya turubai, na kina mama wa kupalilia nyuma. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya siku za Mau Mau. Kila mtu alikuwa na kipande, yaani hati ya utambulisho, mfukoni, na kipande kilisema unafanya kazi wapi. Ukifutwa kazi, kipande hakina maana tena, unapandishwa lori jingine unapelekwa kijiji cha rizavu kilichozungushiwa handaki, na huko ni kuchimba mitaro bila malipo toka asubuhi. Naeleza hivyo ili muelewe kwa nini watu wa siku zile waliogopa kuulizwa maswali.

Kati ya kina mama hao alikuwapo mmoja, Wambui, ambaye tulimwita Mama Kamau. Mumewe alikuwa kizuizini na alibaki na watoto watatu na baba mkwe mwenye macho mabovu. Alikuwa mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa mdomo. Mimi nilikuwa karani wa mistari, natembea na daftari kubwa lenye safu safu: nambari ya mti, majani, maua, matandazo, maji. Kwenye ile mistari minne, chini ya maji, kila siku niliandika "hakuna" na kutia herufi za jina langu. Mama Kamau alikuwa akinitania, "Karani, huyo mti unamwandikia barua kila siku, na hakujibu." Nilikuwa kijana mwenye kiburi cha kalamu. Niliendelea kuandika.

Kiangazi cha kwanza kilipita, cha pili kikaja kikali zaidi. Katika mistari ile ya kiu miti ilikunja majani, mingine ikayaangusha ikabaki vijiti. Lakini mti nambari kumi na nne, mwisho wa mstari wa pili, ulisimama kijani tu. Bwana Udongo aliuzunguka asubuhi nzima akiupiga picha. Ndiyo mara ya kwanza nilipomwona akitabasamu. Tulichuma buni zake kwa uangalifu kama mayai, tukazipanda kitaluni Ruiru, na miche ikaota vizuri. Ilipofika magotini, Bwana akaandika barua kwa wakubwa wake Nairobi kwamba amepata mti wa nchi kavu, na mvua ikinyesha, miche itagawiwa wakulima.

Nilifurahi kama ni mimi niliyeuzaa. Nilimwandikia mama yangu kwamba nimeshiriki jambo kubwa.

Kisha Bwana akataka kujua siri ya mti wenyewe. Akatuagiza tutoboe udongo pembeni yake, maana mpaka siku hiyo tulikuwa tukitoboa katikati ya mistari tu, mahali palipopangwa. Tukatoboa, tukapima, tukatia tanurini. Asubuhi nikapiga hesabu, nikashika kichwa. Futi ya kwanza ilikuwa na maji mengi. Futi ya nne hadi ya kumi ilikuwa kavu kama majivu.

Nilidhani ni vifuniko tena. Nikakagua nambari, zote sawa. Tukatoboa mara ya pili, ikawa vilevile. Mara ya tatu Wafula alikaa juu ya ndoo, akautazama udongo uliotoka na meno ya keekee, akausugua kwa vidole.

"Udongo unakauka kutoka juu kwenda chini," alisema. "Kila mahali hivyo. Hapa umekauka kutoka chini kuja juu. Bwana mdogo, ni mvua gani hiyo inayonyesha juu ya mti mmoja?"

Hatukuhitaji kungoja sana. Saa sita kina mama waliacha majembe wakaja kula. Walikaa mwisho wa mstari wa pili, kwa sababu hapo ndipo lori liliposhusha pipa la maji ya kunywa, na nilikuwa nimewaona wakikaa hapo tangu mwaka juzi. Walikula, wakanywa, wakanawa mikono. Mama Kamau akachukua debe lenye maji yaliyobaki, akaenda hatua nne, akayamwaga taratibu kwenye shina la nambari kumi na nne, akiyazungusha kama mtu anayemnawisha mtoto. Kisha akarudi kukaa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho miaka miwili na sikutazama.

Nilimwita kando. "Mama Kamau, hayo maji unayamwaga hapo tangu lini?"

"Tangu kiangazi cha kwanza. Ulikuwa umeinamisha majani kama mgonjwa." Akanitazama usoni, akaona kitu. "Kwani ni vibaya? Maji ya kunywa yakibaki hayamwagwi njiani, karani. Mama yangu angenipiga. Yanapewa kitu chenye uhai."

Nilimweleza kwa maneno machache. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi nilipoelezwa mara ya kwanza. Akakaa chini palepale, mikono mapajani. "Sasa watanipandisha lori," akasema.

Jioni ile sikula. Mambo yalikuwa wazi na yote yalikuwa mabaya. Ningeweza kumwambia Mama Kamau aache tu, na mtu asingejua. Kipande chake kingebaki mfukoni na changu pia, maana ni mimi niliyetia sahihi "hakuna" siku zote hizo. Lakini ile miche ilikuwa kitaluni, inangoja mvua. Ingeenda kwa watu wasio na pipa wala lori, ambao wangeipanda kwa imani kwa sababu kituo kimesema. Baba mkwe wa Mama Kamau mwenyewe alikuwa ameomba karatasi ya ruhusa kwa bwana shamba.

Nilimweleza Wafula nikitumaini atanipa njia ya mkato. Alikuwa anatengeneza mpini wa sururu. Hakuinua kichwa. "Mficha uchi hazai, bwana mdogo," alisema. "Nenda kabla mvua haijanyesha."

Nilienda asubuhi nikiwa na makopo mikononi. Bwana Udongo alisikiliza, akapima mwenyewe, akapiga hesabu mwenyewe, kisha akalichukua daftari langu akaanza kufungua ukurasa baada ya ukurasa, akifuata kwa kidole ile safu ya maji. Hakuna, hakuna, hakuna.

"Haya yote uliyaona kwa macho?" aliuliza.

"Hapana, Bwana. Niliyaandika."

"Nani alimwaga?"

"Aliyeandika ni mimi."

"Sijauliza aliyeandika."

Bwana alichukua kofia, tukapanda lori kwenda Thika. Mimi nilikuwa nahesabu vitu nitakavyobeba nikifukuzwa, na vilikuwa vitatu.

Alisimama mwisho wa mstari wa pili, akauliza kwa Kiswahili chake kile cha Wazungu wa mashamba, "Nani naweka maji hapa?" Kina mama waliinamia majembe. Halafu Mama Kamau akasimama wima, akaegemeza jembe lake kwenye bega. "Ni mimi."

"Nani nakwambia usiweke maji hapa?"

Alifikiri. Nilidhani ataomba msamaha, na naapa nilitamani aombe. "Hakuna mtu aliniambia," alisema. "Tuliambiwa tung'oe magugu. Magugu nimeng'oa."

Bwana aligeuka kwangu. "Wewe ulimwambia?"

"Hapana, Bwana."

"Na mimi?" Aliuliza kwa sauti ya chini, na nikaelewa kwamba hilo alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Mimi nilimwambia?"

Nikasema hapana. Alisimama pale muda mrefu akikwaruza ardhi kwa kiatu. Ni kweli, vijana, na nawaambia leo bila kuficha. Miaka miwili tulikuwa tumetumia watu kumi na wawili kulinda jaribio ambalo hatukuwaeleza hata siku moja lilikuwa la nini. Tulidhani mtu wa jembe hana haja ya kujua.

Hakumfukuza mtu. Alisema tu, "Kila Jumatatu, karani, kabla ya kazi, utawaeleza. Kila kitu." Kisha akamwagiza Wafula achimbe.

Kuchimba mizizi ndiyo kazi iliyonifanya niipende kazi hii. Unachimba shimo refu ubavuni mwa mti, kisha kwa pampu ya mkono na msumari unaosha udongo kidogo kidogo, mpaka mizizi inabaki inaning'inia yote, mizima mizima. Wafula alifanya hivyo siku nne. Mizizi ya nambari kumi na nne ilikuwa imejikusanya juu, upande wa pipa, kama nywele zilizosukwa vibaya, na chini ya futi tatu hapakuwa na kitu. Akachimba na jirani yake wa mstari wa tatu, nambari kumi na tano, mti mbaya wa sura uliokuwa vijiti vitupu. Mizizi yake ilishuka mpaka Wafula akazama shimoni nikawa naona kofia tu, na bado ilikuwa inaendelea.

Kitaluni ilibidi miche ing'olewe yote. Bwana aliandika barua ya pili Nairobi, na nafikiri hiyo ilimuuma kuliko alivyoonyesha. Kina mama ndio waliong'oa. Mama Kamau aling'oa huku machozi yakimtoka, bila sauti, na mimi nilienda kuosha makopo ambayo tayari yalikuwa safi.

Jumatatu ya kwanza niliwaeleza kina mama. Nilisema kuna miti tunainyima maji makusudi, ili tujue. Mmoja akauliza kama miti inajua kwamba ni makusudi. Mwingine akauliza kwa nini tusinyime kahawa ya Wazungu tukanywesha yetu. Kuuliza si ujinga, lakini swali hilo nililiruka. Baada ya wiki chache maswali yakawa mazuri kuliko ya wageni wa Nairobi. Na hapo ndipo Mama Kamau alipotufundisha jambo ambalo bado mnalitumia, ingawa kwenye vitabu vyenu halina jina lake.

Sisi tulikuwa tukitoa alama kwa majani. Mti ukibaki na majani wakati wa kiangazi, alama juu. Ukiyaangusha, alama chini. Mama Kamau alinivuta mkono mpaka kwa kumi na tano, ambao Wafula alikuwa ameufukia tena mizizi. Akakwangua gome la tawi kwa ukucha. Ndani lilikuwa kijani bichi.

"Karani, unaandika huu ni mgonjwa," alisema. "Huu si mgonjwa. Huu unajinyima. Mwaka jana ulikuwa wa kwanza kuangusha majani, na mvua ilipokuja ulikuwa wa kwanza kuyarudisha. Unaishi kama mwanamke aliyeachiwa watoto."

Nilirudi kwenye daftari. Lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, kiangazi baada ya kiangazi: wa kwanza kuangusha, wa kwanza kuchipua. Nilikuwa nimeyaandika yote na sikuwahi kuyasoma kwa pamoja. Nilimpelekea Bwana Udongo, nikamwambia aliyeona ni nani. Alisoma, akanitazama, akasema, "Mlete naye aketi." Akamletea kiti. Mama Kamau alikataa kukaa, akaeleza akiwa amesimama, na Bwana aliandika.

Tukabadilisha alama. Tukaanza kuhesabu siku ambazo mti unachukua kurudi baada ya mvua, na tukachukua mbegu za kumi na tano na ndugu zake wanne waliofanana naye tabia. Safari hii hatukuandika barua mapema. Tuliingoja miche kiangazi kizima kitaluni, tukainyima maji ikiwa bado midogo, na iliyokufa tukaiacha ife. Mingi haikufa. Sijui kama naweza kuwaeleza furaha ya kuona kijiti kilichokauka kikitoa jicho la kijani baada ya mvua ya kwanza. Wafula alivua kofia, akasema kitu kwa Kibukusu ambacho alikataa kunitafsiria.

Siku ya kugawa miche watu walitoka mbali, kutoka Gatundu na kule chini Kalimoni, na karatasi zao za ruhusa zimekunjwa ndani ya vitambaa. Mimi nilikuwa mezani nikiandika majina. Mama Kamau alipanga foleni kama wengine, na karatasi ya baba mkwe wake. Mumewe alikuwa amerudi kutoka kizuizini mwezi uliotangulia, amekonda, alikuwa anamngoja kwenye kivuli cha lori.

Alipofika mezani hakuchukua miche mara moja. Aliinua mmoja, akaugeuza, akaangalia mizizi kwenye udongo wake. "Mama yake ni yupi?" aliuliza.

"Kumi na tano."

"Kuna mtu aliyewahi kumnywesha?"

"Hakuna," nikasema. "Nimetazama kwa macho yangu."

Alicheka, akaipanga miche ndani ya kiondo, akapitisha ukanda kichwani na kuinuka. Halafu akainama karibu na meza ili wengine wasisikie.

"Mwaka wa kwanza mimi nitamnywesha, karani. Bado ni mtoto. Usiandike kwenye kitabu."

Sikuandika, mpaka leo.